Jina lisilosainiwa

Kila bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, likitoka, ofisi ya mikopo ya chuo hubaki na orodha ya wanafunzi ambao hawajasaini. Wengi wao wana sababu nyepesi: jina limekosewa herufi, akaunti ya benki imelala, mtu yuko mkoani kwenye mafunzo kwa vitendo. Lakini hubaki wachache ambao hakuna anayejua kwa nini hawajaja. Mtu ana deni kwa mama lishe, anadaiwa na mwenzake wa chumba, hela yake ipo, na hajaifuata. Ofisa anaandika "hajasaini", muda ukipita fedha zinarudishwa Bodi ya Mikopo, na habari inaishia hapo.

Kwangu mimi orodha hiyo ni moja ya dalili za wazi kabisa za matatizo ya afya ya akili ya wanafunzi ambazo chuo cha Tanzania huzipata mapema. Kwa mkopaji wa kiwango kamili, tangu mwaka wa masomo 2022/2023 fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali. Malipo ya siku 60 ni shilingi 600,000. Mwanafunzi asiyetembea mwendo wa dakika kumi kwenda kusaini shilingi 600,000 huenda hatoki chumbani, huenda halali, au ameshaona kwamba fedha haitamsaidia kitu. Aliyeishika orodha ni mtu wa fedha, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jambo hilo linamhusu.

Hapo ndipo penye tatizo. Tukisema afya ya akili ya wanafunzi, akili inakwenda moja kwa moja kwa mshauri nasaha. Vipimo vya Marekani kwa vituo vya ushauri vyuoni kwa muda mrefu vilipendekeza mshauri mmoja kwa wanafunzi 1,000 hadi 1,500, kwa hiyo chuo cha wanafunzi 20,000 kingehitaji washauri wasiopungua 14. Vyuo vyetu vilivyo karibu na idadi hiyo ni vya kutafuta kwa tochi. Na hata wangekuwapo wote 14, wao humwona mwanafunzi aliyekwisha kuamua kuja. Asiyekuja anaonekana na watu wengine: ofisa wa mikopo, mhadhiri wa semina, wadeni (msimamizi wa hosteli), mhudumu wa usafi, nesi wa zahanati ya chuo, CR, yaani mwakilishi wa darasa. Hawa hawahitaji kuwa wanasaikolojia. Wanahitaji kujua watazame nini, waulize vipi, na wampeleke wapi.

Mwaka wa chuo una mabonde yake, na yanajirudia. La kwanza ni wiki sita za mwanzo kwa mwaka wa kwanza. Majina ya mikopo hutoka kwa awamu, na aliyekosa awamu ya kwanza anasubiri ya pili huku hajalipa ada, hajakamilisha usajili, hana chumba. Analala kwa kubebana, wawili kitanda kimoja, na mchana anamkwepa wadeni. Huyu hali yake si nzuri, halali vya kutosha, na hana anwani mtu akimtafuta. Wadeni anayefanya msako wa wanaobebana akaishia kuwatoa nje usiku anamtoa mtu aliye hatarini zaidi kuliko wote hosteli nzima. Msako ukibidi, ufanyike asubuhi, na kila anayekutwa aandikwe jina na kupelekwa kwa Mshauri wa Wanafunzi siku hiyohiyo, ajulikane anasubiri nini na atalala wapi.

Bonde la pili ni wiki za majaribio na kazi za kozi. Katika kozi nyingi kozi weki inabeba alama 40 na mtihani wa mwisho, UE, unabeba 60. Walimu watano wakipanga majaribio yao wiki moja bila kuambiana, darasa zima linakesha. Kukesha siku nne tano mfululizo kuna madhara zaidi ya uchovu: kwa kijana mwenye mwelekeo wa ugonjwa wa hisia zinazopanda na kushuka, kukosa usingizi kunaweza kumpandisha kabisa, akaanza kusema bila kukoma, kutumia hela ovyo, kujiona hahitaji kulala. Dawa ya sehemu hii haina gharama. Mkuu wa idara awe na kalenda moja ya majaribio inayoonekana na walimu wote, na asiruhusu zaidi ya majaribio mawili kwa darasa moja ndani ya siku tatu. Ni kazi ya saa moja mwanzoni mwa muhula.

La tatu ni matokeo, nalo nitalirudia. La nne ni la mwaka wa mwisho: risachi, yaani utafiti wa kumalizia masomo. Mwanafunzi amewasilisha sura, msimamizi amekaa kimya wiki sita, tarehe ya kukabidhi inasogea, na yeye anaona aibu kukumbusha kwa sababu ni mdogo. Weka muda wa kurudisha kazi, siku kumi za kazi zinatosha, na uuandike kwenye karatasi ya makubaliano siku ya kwanza. Hapohapo kuna jambo ambalo ushauri nasaha hautalitibu. Kuna anayecheleweshewa kazi kwa sababu amekataa kulala na msimamizi. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Mwanafunzi wa namna hiyo akija analia, kumfundisha kupumua taratibu ni kumtupa. Abadilishiwe msimamizi kwanza, apelekwe Dawati la Jinsia kama chuo kinalo, aelezwe njia ya TAKUKURU, kisha ndipo machungu yake yashughulikiwe kwa utulivu.

Sasa dalili zenyewe. Siku moja mbaya kila mtu anayo. Unachotafuta ni mabadiliko yaliyodumu, na wiki mbili ni kipimo kizuri. Aliyekuwa anakaa mbele sasa anakaa nyuma au haji. Aliyekuwa nadhifu anakuja na nguo zilezile. Kazi zilizokuwa zinakuja kwa wakati zinakuja nusu au zimenakiliwa. Anagawa vitu vyake: kompyuta, madesa ya masomo, magodoro. Kuna pia wanaobadilika kwa kuchangamka ghafla baada ya kipindi kirefu cha huzuni. Usishangilie haraka, muulize.

Kumuuliza ndipo wengi tunapokwama, maana tumezoea kuuliza kwa kugomba. "Mbona huonekani darasani?" inasikika kama mashtaka, na mashtaka hujibiwa kwa kujitetea. Taja ulichokiona, ondoa hofu ya adhabu, kisha uliza: "Semina tatu sijakuona, na ripoti yako haijafika. Sijakuita kukugombeza. Nataka kujua unaendeleaje." Atasema, "Niko poa tu, mwalimu." Hapo amekuonyesha heshima tu, hali yake bado hujaijua. Nyamaza kidogo. Halafu: "Sawa. Na usingizi, unalala?" Usingizi na chakula ni milango mizuri, kwa sababu hakuna aibu katika kusema hulali, na mtu akianza kusimulia usiku wake, mengine yanafuata yenyewe.

Mahali pana uzito wake. Ofisini mlango ukifungwa, hasa kwa mhadhiri wa kiume na binti, kuna hofu pande zote mbili. Mlango ukiwa wazi, wenzake waliopanga foleni wanasikia. Benchi chini ya mti mbele ya jengo linafaa zaidi: watu wanawaona lakini hawawasikii. Tenga dakika 20, simu iwe kimya. Usianze kutoa mawaidha dakika ya tatu. "Vumilia, sisi tulisoma kwa kibatari" humfunga mtu mdomo, na "mwombe Mungu" ikisemwa mapema humfanya aamini kwamba imani yake ndiyo iliyopungua. Kama ni mtu wa sala, mwenyewe ataitaja, na usimkataze. Mwambie sala na hospitali haviachani.

Akisema maneno kama "nimechoka na yote", "ningekuwa sipo ingekuwa nafuu kwao", uliza waziwazi. Watu wengi wanaogopa kwamba kuuliza kutampandikizia wazo. Haimpandikizii, hilo limechunguzwa mara nyingi, na wengi hupata nafuu kwa sababu hatimaye kuna mtu aliyeweza kulitaja. Waweza kusema: "Mtu akilemewa hivi, wakati mwingine huanza kuwaza afadhali afe. Na wewe umefika hapo?" Akikubali, uliza mambo matatu: amewaza afanye vipi, anacho hicho alichokiwaza, na amejipangia siku. Majibu yake ndiyo yanayokuonyesha haraka inayohitajika. Mwenye wazo tu, bila mpango, aonane na mshauri leo au kesho asubuhi, na usiku huo asilale peke yake. Mwenye mpango, au mwenye kitu mkononi, asiachwe hata kwenda chooni peke yake. Kitu hicho kiondolewe na rafiki au wadeni, na aende hospitali sasa hivi na mtu wa kumsindikiza.

Kusindikiza ndilo neno lenyewe. Kumpa mwanafunzi namba ya mshauri na kumwambia "ukamwone" hakumfikishi. Aliyelemewa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, hana nguvu ya kupiga simu, hajui mlango upi, na akikuta pamefungwa harudi tena. Piga simu wewe, mbele yake, taja kwamba unakuja na mtu, nenda naye hadi mlangoni, mtambulishe kwa jina, ndipo uondoke. Ni dakika 30. Mpango wa chuo nao uwe tayari kabla ya siku hiyo: karatasi moja ukutani kwa kila ofisi, yenye simu ya mshauri nasaha, ya zahanati, ya gari la chuo usiku na ya daktari wa zamu wa hospitali ya karibu. Dar es Salaam kuna idara ya magonjwa ya akili Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, Moshi kuna KCMC, Mwanza kuna Bugando. Kinachokwamisha mara nyingi ni gari. Ni saa nne usiku, dereva ana ufunguo nyumbani kwake, na karatasi ya ruhusa inahitaji saini ya mtu aliyelala. Rekebisheni hilo mchana.

Kuna hofu nyingine inayochelewesha watu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado kinataja jaribio la kujiua kuwa kosa. Matokeo yake wenzake wa chumba humficha, wakasema ameanguka au amekunywa dawa vibaya, na daktari anatibu kitu kingine. Nchini Kenya kifungu kama hicho, cha 226, kilitamkwa na Mahakama Kuu mwezi Januari 2025 kuwa kinapingana na Katiba. Kwetu mfanyakazi wa chuo ajue mpangilio: tiba kwanza, na daktari aambiwe ukweli wote. Kumkimbiza mtu kwa mlinzi au kituoni kabla ya hospitali ni kupoteza muda wa kumwokoa.

Zahanati ya chuo inastahili aya yake. Vijana wetu hawaji kusema wana sonona. Wanakuja na kichwa kinachowaka moto, moyo kwenda mbio, tumbo, uchovu. Wanapimwa malaria, wanapimwa mkojo, wanapewa dawa ya maumivu, wanarudi wiki inayofuata. Ziara ya tatu yenye vipimo safi iwe alama kwa nesi kuuliza maswali mawili: kwa wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo, na ni mara ngapi umejisikia huzuni au kukata tamaa. Kila jibu lina alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 3, endelea na dodoso kamili la kupima sonona, PHQ-9, lenye maswali tisa na alama hadi 27. Kuanzia 10 anahitaji kuonwa na mtaalamu. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru, na jibu lolote juu ya sifuri lizungumzwe papo hapo, hata kama jumla ni ndogo. Kosa linalorudiwa ni kuwagawia darasa zima dodoso hili bila majina, kulikusanya kwa ajili ya risachi, kisha kukuta watu 15 wamejibu swali la tisa juu ya sifuri na hakuna anayejua ni akina nani. Usiulize kama hujajiandaa kushughulikia jibu.

Mwanafunzi akianzishiwa dawa, mwalimu wake akipata ridhaa ya kujua, kuna mawili ya kukumbuka. Dawa za sonona huchukua wiki mbili hadi nne, au zaidi, kuanza kuonyesha nafuu, lakini madhara yake madogo huja siku za kwanza; ndiyo maana wengi huziacha wiki ya kwanza wakisema hazifanyi kazi. Na baadhi, kama amitriptilini, huleta usingizi, kwa hiyo kipindi cha saa moja asubuhi kitamshinda kwa muda. Hapo kumhamishia semina ya mchana kunasaidia kuliko maneno mengi.

Yapo magonjwa yanayoanza waziwazi zaidi, na umri wa chuo ndio umri wake. Kijana anasikia sauti, anaamini wenzake wa hosteli wanamrekodi, anahama chumba mara tatu. Hosteli nzima inasema amerogwa, ndugu wanaitwa, anapelekwa kwenye maombi au kwa mganga, na miezi inapotea. Usibishane naye kama sauti zipo au hazipo, wala usikubali kwamba zipo. "Naona zinakutesa, twende tukapate msaada ulale" inatosha. Matibabu yakiwahi, nafasi yake ya kurudi darasani ni kubwa.

Turudi kwenye matokeo. Vyuo vingi huyaweka kwenye mfumo Ijumaa jioni, kikao kikiisha. Mshauri ameondoka, idara imefungwa, na mwanafunzi anasoma neno "disko", yaani ameondolewa masomoni, kwenye simu yake saa mbili usiku, na mtu wa kumuuliza hatapatikana mpaka Jumatatu. Bora matokeo yatoke Jumatatu hadi Jumatano, asubuhi. Kabla hayajatoka, ofisa mitihani tayari ana orodha ya watakaodisko. Mara nyingi ni majina machache kwa kila idara. Waitwe kabla, mmoja mmoja, waambiwe ana kwa ana au kwa simu kama wako mbali. Barua yao iseme matokeo, na pia muda wa kukata rufaa, nani wa kumwona, lini wanaweza kuomba chuo tena, na nini kinatokea kwa mkopo. Nimekuta barua hizi zikiwa na mistari minne, na wa mwisho unadai ufunguo wa chumba.

Ufunguo huo ni hatari. Siku mtu anapodisko, anapoteza chumba, bima na haki ya kumwona mshauri kwa mpigo, na nyumbani hajasema. Wapo wanaoendelea kuishi kwa kubebana, wanatoka asubuhi na begi kana kwamba wanakwenda darasani. Chuo kiwaachie chumba walau siku 14 na huduma ya ushauri siku 90, kiwasaidie pia kuandaa mazungumzo na wazazi. Wengi wanaomba mtu wa chuo awepo kwenye simu ile ya kwanza. Mkubalie.

Waliopata sapu (mtihani wa marudio) au kari (kozi ya kurudia mwaka unaofuata) wasisahaulike kwa kuwa wamebaki. Na aliyeugua katikati ya muhula asaidiwe kuahirisha masomo kabla ya UE kuanza. Asipofika kwenye mtihani bila ruhusa, huhesabiwa ametoroka, na cheti cha daktari kilicholetwa baadaye hupambana na kanuni. Fomu ina saini nyingi: daktari, mkuu wa idara, mkuu wa kitivo, msajili. Mgonjwa hawezi kuzizungusha mwenyewe. Mpe mtu wa ofisi azizungushe kwa siku moja.

Usiri una mipaka, na mipaka itajwe mwanzoni: "Hili litabaki kwangu, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwingine yako hatarini." Usiahidi zaidi ya hapo. Wazazi wasipigiwe simu bila yeye kujua; kuna nyumba ambazo ndizo chanzo. Na jina la mgonjwa lisitumwe kwenye kundi la WhatsApp la idara, hata kwa nia ya kumwombea. Taarifa za afya ni taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Anayehitaji kumwongezea muda wa kazi aambiwe tu, "Ana sababu ya kiafya iliyothibitishwa."

Ikitokea msiba wa kujiua chuoni, mtu mmoja atoe taarifa, familia ikishajulishwa, bila kueleza njia wala kusambaza barua aliyoiacha. Wenzake wa chumba wahamishiwe kwingine siku hiyo na wakutane na mshauri ndani ya saa 24. Majaribio ya darasa lake yasogezwe. Kisha watazameni waliokuwa karibu naye kwa miezi mitatu. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo zaidi ya 720,000 vya kujiua kila mwaka, na kwa wenye miaka 15 hadi 29 ni sababu ya tatu ya vifo, kwa hiyo chuo chenye maelfu ya vijana kisidhani mpango huu ni wa wengine.

Bado kuna siku ya kurudi. Mwanafunzi aliyeahirisha mwaka anarudi akikuta darasa geni, wenzake wako mbele, na uvumi umemtangulia. Mwezi mmoja kabla, mtu wa ofisi ampigie: chumba kipo, usajili umefunguliwa kwenye mfumo, kozi anazodaiwa ni hizi. Mwalimu mmoja apangwe kuonana naye siku ya kwanza, wiki ya kwanza na mwezi wa kwanza, dakika kumi tu kila mara. Na barua ya kuthibitisha amerudi masomoni iende Bodi ya Mikopo kabla muhula haujafunguliwa. Ikichelewa, bumu litatoka jina lake halipo, na ofisa wa mikopo hatakuwa na mstari wowote wa kuonyesha kwamba hajaja kusaini.